Buibui Lililogeuka Damu ya Mzee

Wiki nzima hii nimeshughulika na slaidi moja tu, yaani picha ya filamu inayotazamwa kwa kupitishiwa mwanga, nikijaribu kuirudishia rangi zake kwa kompyuta. Pembeni mwa fremu yake ya karatasi ngumu imeandikwa kwa penseli "Idi, 1961", kwa mwandiko wa mjomba wangu, Mungu amrehemu, aliyeipiga mbele ya mlango wa nyumba ya bibi katika Mji wa Kale, Mombasa. Wamesimama watu watatu: babu kwa kanzu na kofia, bibi kwa buibui, na mama yangu, wakati huo msichana wa miaka minane, kwa gauni ambalo leo ni jekundu. Lakini katika slaidi hiyo hakuna kisichokuwa chekundu. Ukuta wa chokaa una rangi ya ufizi, mlango wa msaji umekuwa kama tofali lililotoka tanuuni, na buibui la bibi, ambalo mtu wa pwani hahitaji kuambiwa lilikuwa la rangi gani, limegeuka damu ya mzee.

Slaidi nyingine zilizohifadhiwa nayo katika mkebe mmoja wa biskuti hazikunitaabisha sana, kwa kuwa nyingi ni za Kodachrome, aina mojawapo ya filamu za Kodak. Rangi za filamu hiyo hazikuundwa kutokana na kemikali zilizokuwa tayari ndani ya filamu; zilitiwa maabara wakati wa kuisafisha, na ndiyo sababu ikikaa gizani hudumu miaka mingi bila kuchujuka. Skana yangu inazitoa zikiwa na ubuluu kidogo, ila huo ni ubuluu wa skana kutoelewana na filamu, wala si wa uzee, na kipimo kinachotibu slaidi moja hutibu karibu zote. La kuangalia ni kuzima kisafisha vumbi kinachotumia miale ya infraredi, kwa kuwa mbele ya Kodachrome hubabaika na kudhani picha yenyewe ni uchafu. Mimi kilinilia nusu ya mlingoti wa jahazi kabla sijagundua.

Slaidi ya Idi ni Ektachrome ya zamani, filamu nyingine ya Kodak, na hiyo ina habari nyingine. Filamu ya slaidi hubeba rangi 3 katika matabaka yake: manjano, majenta, yaani ile iliyo baina ya nyekundu na zambarau, na siani, yaani ile iliyo baina ya bluu na kijani. Siani ndiyo inayozuia mwanga mwekundu usipite. Katika Ektachrome za miaka hiyo siani ndiyo hutangulia kuchujuka, kwa hiyo wekundu tunaouona haukuongezwa na mtu. Ni bawabu aliyeondoka mlangoni. Hayo nilikuwa nimeyasoma, lakini kuyasoma ni kitu kimoja. Nilipokaa mbele ya kompyuta nilifanya kama wanavyofanya wengi: nikachukua kile kidude cha programu chenye sura ya bomba la dawa ya macho, nikabofya kanzu ya babu na kuiambia programu kwamba hii ni nyeupe. Kanzu ikawa nyeupe ya kupendeza. Buibui likabaki damu ya mzee.

Siku mbili zilipita kabla sijalielewa kosa langu, na ni jepesi hata naona haya kulieleza. Palipo peupe kwenye slaidi filamu iko karibu wazi, rangi ni chache mno, hivyo hata zikichujuka hakijapotea kikubwa. Hasara iko gizani, kule kulikokuwa na siani nyingi. Kanzu haiwezi kukuambia slaidi imeumia kiasi gani, buibui linaweza. Nikafungua histogramu, yaani grafu zinazoonyesha giza kushoto na mwanga kulia, za chaneli moja moja, yaani nyekundu, kijani na bluu zinazounda picha ya kompyuta: kijani na bluu zilianzia karibu na sifuri, ilhali nyekundu ilikuwa imejikunyata upande wa kulia, haina kitu chini ya 70 hivi kati ya 255. Nikaisogeza alama yake ya kushoto hadi pale mlima unapoanzia, na buibui likarudi jeusi kwa mkupuo mmoja.

Ukuta, hata hivyo, ukatoka michirizi. Nilikuwa nimeskani kwa biti 8, ambazo huipa kila chaneli ngazi 256 tu, na chaneli iliyobanwa ukiinyoosha kwa nguvu ni kama donge dogo la unga unalolazimisha liwe chapati kubwa: linatoboka. Nikairudisha slaidi skanani kwa biti 16, zenye ngazi 65,536, nikiwa nimezima kila marekebisho ya skana yenyewe, na michirizi ikatoweka. Kitufe cha programu kinachorekebisha rangi bila kuongozwa nilikijaribu pia, kwa udadisi. Huchukulia kwamba wastani wa rangi zote za picha ni kijivu, na penye mlango wa msaji unaojaza nusu ya picha matokeo yake yalikuwa ya ajabu. Babu alionekana mgonjwa wa ini.

Jana nilimwonyesha mama kazi niliyodhani imekamilika. Aliitazama kwa muda, akainama karibu na kioo.

"Hilo si gauni langu, mwanangu. Langu lilikuwa zambarau, zambarau iliyoiva. Hili ni la bluu."

Nikamweleza habari ya buibui, kwamba nimelitumia kama kipimo cha weusi. Akacheka.

"Buibui lile? Lilikuwa la zamani, limepauka kwa jua. Jipya alilivaa jioni."

Na kanzu, akaongeza, bibi aliitia buluu kila ilipofuliwa, kwa hiyo hata weupe wake haukuwa weupe mtupu. Ushahidi wangu wote wawili ukawa na dosari. Nikairudisha alama ya nyekundu nyuma kidogo, kutoka 70 hadi 64, na buibui likapata ukahawia hafifu wa nguo iliyochakaa. Sikuligusa gauni, lakini nalo likasogea lenyewe kuelekea zambarau. Mama akasema basi, acha hapo.

Mkebeni zimebaki Ektachrome 11. Tatu kati yake hazina mtu, wala nguo, wala ukuta: ni bahari na mbingu tu.