Nilivyojifunza besi ya fanki kwa albamu ya Deep Purple

Wenzangu walinishauri nikitaka fanki, muziki wa Wamarekani weusi unaobebwa na mdundo, nianze na James Brown, mwimbaji aliyeuanzisha. Mimi nikaanza na Stormbringer, albamu ya mwaka 1974 ya Deep Purple, kundi la roki la Uingereza, kwa sababu vidole vyangu vimekulia kwenye roki, na humo unawasikia wanaroki wenyewe wakihamia kwenye mdundo mwingine.

Aliyewavuta zaidi ni Glenn Hughes, mpiga besi na mwimbaji aliyetoka kundi la Trapeze mwaka 1973. Alikuwa mpenzi mkubwa wa soul, muziki wa Wamarekani weusi ulio ndugu wa fanki. Ritchie Blackmore, mpiga solo, hakufurahia mwelekeo huo, na mwaka 1975 akaondoka akaunda Rainbow. Mashabiki wengi bado wanamuunga mkono. Mimi niko na Hughes: bila yeye tusingempata Ian Paice akipiga drams kwa raha namna ile.

Wimbo niliokaa nao sana ni "You Can't Do It Right (With the One You Love)". Kwanza besi niliiweka pembeni. Nikapunguza kasi ya wimbo kwenye simu, nikawa napiga makofi kufuata drams tu, mpaka mwili ukazoea. Ndipo nikashika besi, mkono wa kushoto nikaulaza juu ya nyuzi bila kuzikandamiza. Noti haitoki, unasikia tak, tak tu. Hapo ndipo nilipoielewa fanki: pigo moja linagawanyika mara nne, mkono wa kulia unatembea muda wote, lakini noti kamili zinazosikika ni chache. Zilizobaki unazigusa na kuzizima. Pigo la kwanza la kila duara, yaani kila mzunguko wa mapigo unaojirudia, ndilo unalolikalia kwa uzito.

Noti zenyewe niliziongeza mwisho, moja moja, na kila nilipoongeza nilirudisha kasi kidogo. Kwenye roki nilikuwa nafuata gitaa. Hapa masikio yote niliyapeleka kwenye mguu wa mpiga drams, ule unaopiga dramu kubwa.

Siku tuliyoupiga na bendi, mpiga drams wetu aliinua kichwa akanitazama, akaendelea kuzungusha duara lile lile hata baada ya mwimbaji kunyamaza. Hakuna aliyetaka kusimama.

Sasa niko kwenye "Hold On". Huo umetulia zaidi, na ugumu wake ndio huo: noti ikikawia kidogo tu, chumba kizima kinasikia.