Vilima vya chaki, chokaa ya babu

Magoti yananiuma mpaka sasa, na mabuti yako mlangoni, bado meupe. Leo siyafuti.

Jana tulikuwa watu 14 na mwongozaji wetu. Tulitoka London kwa treni tukashuka asubuhi Seaford, mji wa pwani ya kusini, tukaenda kwa miguu hadi mji wa Eastbourne, kilomita 22 hivi, bahari ikiwa mkono wa kulia karibu njia nzima. Miaka tisa nipo Uingereza na sikuwahi kufika huku. Jumamosi zangu huwa za kulala baada ya zamu ya usiku.

Tulivuka mto Cuckmere kwenye daraja la Exceat, kisha tukaanza kupanda wale Seven Sisters, yaani dada saba: vilima saba vya chaki, jiwe jeupe laini, vilivyojipanga ufukweni. Wa kwanza, Haven Brow, ana mita 77 tu kutoka baharini, lakini ukishafika juu unashuka tena, unapanda tena. Kushuka ndiko kulikonimaliza. Mama mmoja mtu mzima alipunguza mwendo akawa nami, bila kusema neno, mpaka goti likatulia. Majani kule juu ni mafupi kama zulia, kwa kuwa kondoo wameyala karne nyingi, na ukiinama unaona zaatari ya porini na vipepeo wadogo wa buluu. Ndege mmoja aliimba juu kabisa, hata hatukumwona.

Nikamuuliza mwongozaji: mabonde yote haya, mito iko wapi? Akasema hakuna. Zamani za barafu ardhi iliganda, maji yakapita juu na kuchimba mabonde. Siku hizi chaki inakunywa mvua yote. Nikasimama pale pale. Maana hivyo ndivyo kulivyo kwetu, Kusini Unguja. Mvua ikinyesha inazama kwenye mawe ya matumbawe, mito hatuna, na maji watu walikuwa wakiyafuata mapangoni na visimani.

Halafu akanipa kipande cha chaki kilichokuwa kimeanguka njiani. Chepesi kuliko nilivyotarajia. Nilikisugua kwa kidole gumba, ukatoka unga laini ukaingia kwenye mistari ya ngozi. Alisema ule unga ni magamba ya viumbe wadogo mno wa baharini, wasioonekana kwa macho, walioishi katika bahari yenye joto zaidi ya miaka milioni 80 iliyopita. Walikufa, wakazama, wakalala juu ya wenzao mpaka wakawa kilima.

Babu yangu alikuwa mchoma chokaa. Magogo ya minazi chini, matumbawe juu, moto usiku kucha. Tanuri likipoa anayanyunyizia mawe maji, nayo yanapasuka, yanafuka moshi, yanageuka unga. Sisi watoto tulikatazwa kusogea. Kucha zake zilikuwa na weupe usiotoka hata akioga vipi. Alifariki mwezi wa pili. Alizikwa siku ile ile, kama inavyopasa, nami nikiwa kazini, na tangu hapo sikuwa nimelia. Jana nililia, kwenye dada wa tano nadhani, nikitazama kidole changu. Sikuona haya. Upepo ulikuwa mkali na kila mtu alikuwa na machozi.

Birling Gap tulipumzika. Bahari inaumega ukingo pale kila mwaka, na nyumba kadhaa zimeshabomolewa. Mbele kidogo upo mnara wa taa wa zamani, Belle Tout, ambao mwaka 1999 ulisukumwa mzima mzima mita 17 kurudi nyuma ili usianguke. Nikampigia mama simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona upepo hivyo, uko wapi?"

"Niko juu ya mlima wa chokaa, mama. Wote mweupe, mpaka baharini."

Akanyamaza kidogo. "Babu yako angeuliza kuni zinatoka wapi."

Tukacheka wote wawili, kisha akaanza kunisimulia mambo ya tanuri nisiyoyajua, na alivyokuwa akimpelekea babu uji alfajiri. Wenzangu walikwisha anza kupanda kuelekea Beachy Head. Yule mama mtu mzima alinisubiri kwenye lango, begi langu mkononi mwake.