Mshono wa chuma ulioniletea wanafunzi

Nimefanya kazi ya kutafuta wanafunzi katika chuo cha jamii hapa Marekani, na kozi iliyonitesa kuliko zote ni ya kuchomelea vyuma. Darasa lilikuwa la wanaume watupu. Mshahara wangu ulitoka katika fedha za Perkins, sheria ya elimu ya ufundi iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2018. Kwa sheria hiyo, fani huhesabiwa kuwa si ya kawaida kwa jinsia isiyofika asilimia 25 ya wafanyakazi wake, na chuo hutakiwa kutoa hesabu ya wanafunzi wa jinsia hiyo. Kwa hiyo kila muhula niliulizwa: wanawake wako wapi?

Ushauri niliopewa ulikuwa wa vipeperushi. Tukachapisha kwa Kiswahili, Kihispania na Kisomali, mamia ya dola yakaenda. Nikaandaa na jioni ya kutembelea karakana. Akaja mama mmoja tu, naye alikuwa akitafuta darasa la Kiingereza. Akina mama niliowataka, wengi wao wakimbizi kutoka Kongo, saa ile wako zamu kwenye kiwanda cha nyama au wanawapikia watoto. Hilo nilipaswa kulijua, maana nimeishi nao.

Basi nikaenda kwenye pipa la mabaki la karakana, nikaokota vyuma viwili: kimoja kimeungwa na mwalimu, kingine na mwanafunzi wa wiki ya pili. Jumamosi asubuhi nikaingia kwenye dobi la mashine za sarafu. Nguo zikishaanza kuzunguka, mtu hana pa kwenda. Neno "chuo" sikulitamka. Nilimsalimu mama aliyekuwa peke yake, nikampa vile vyuma, nikamwuliza, "Mama, kipi kina mshono mzuri?"

Kumbe alishona nguo miaka kumi na minane kabla ya kukimbia kwao. Alipitisha kidole taratibu juu ya kile kibaya, akasema, "Huyu mkono wake haujatulia. Hapa amekimbia, pamekuwa pembamba. Hapa amesimama, pamevimba." Mwili ulinisisimka, kwa sababu maneno hayohayo nilimsikia mwalimu akimwambia mwanafunzi wake. Wanawake wengine wakasogea, vyuma vikapita mkono kwa mkono, wakaanza kubishana. Hapo ndipo nilipowaambia kwamba kazi hii ina mshahara na inafundishwa karibu nao. Kabla ya saa sita nilikuwa na majina saba. Sarafu nilizowasaidia za mashine hazikuzidi dola ishirini.

Kikwazo kilichofuata ni karatasi, na hapa bado nina hasira. Ofisi moja iliwaambia wasio na cheti cha sekondari wakakitafute kwanza ndipo warudi. Si lazima! Mkimbizi anaruhusiwa kuomba Pell, ruzuku ya serikali kuu kwa wanafunzi wenye kipato kidogo, kwa FAFSA, fomu ya kuombea msaada wa masomo, na asiye na cheti anaweza kuipata akiwa kwenye mpango unaounganisha masomo ya msingi na ufundi, mradi afaulu mtihani uliokubaliwa au amalize krediti sita, yaani vipimo vya masomo ya chuo. Ukijibiwa hapana, omba kuonyeshwa kanuni yenyewe. Kiwango cha juu cha Pell mwaka wa masomo 2024-25 kilikuwa dola 7,395. Na haikufaa kuwaandikisha kozi ya wiki nane eti kwa sababu ni fupi: wakati ule kozi iliyopungua wiki 15 haikupata Pell hata senti. Wawili wetu karibu waponzwe na hilo.

Mkuu wa idara nilimsumbua wiki tatu mpaka akakubali darasa lianze saa tatu asubuhi, watoto wakishapanda basi la shule. Wakaanza sita, wakamaliza watano. Wa sita alijifungua, akarudi muhula uliofuata.

Yule fundi cherehani sasa anachomelea matrela. Jumamosi nyingine huenda dobini bila mimi, na chuma kilichomo mkobani mwake ameunga mwenyewe.