Mapenzi, maombi na vita ya Marekani: stori ninayoitaka mimi

Nazipenda sana riwaya za mapenzi za Kikristo zinazotokea wakati wa vita ya wenyewe kwa wenyewe Marekani, ile ya 1861 mpaka 1865 kati ya majimbo ya kaskazini na yale ya kusini yenye utumwa. Binti wa mchungaji, askari aliyejeruhiwa, barua zinachelewa, mtu anapiga magoti usiku na jibu haliji mpaka kurasa za mwisho mwisho huko. Nasoma na machozi yananitoka.

Na vita yenyewe inabeba stori ya imani kuliko vita nyingi ninazozijua, maana makanisa yalipasuka hata kabla ya risasi ya kwanza. Wamethodisti waligawanyika 1844, ugomvi ukiwa ni askofu anayemiliki watumwa, mwaka uliofuata Wabaptisti wa kusini nao wakajitenga. Kwa hiyo vita inaanza, ni watu wenye tenzi zile zile wanauana. Rais Lincoln mwenyewe, aliyeongoza upande wa kaskazini, kwenye hotuba yake ya Machi 4, 1865 alisema pande zote mbili zinasoma Biblia moja na kumwomba Mungu mmoja, kila upande ukitaka msaada wake dhidi ya mwingine. Pale Antietam, Maryland, Septemba 17, 1862, watu kama 23,000 waliuawa, kujeruhiwa au kupotea kwa siku moja tu, na katikati ya uwanja wa vita kulikuwa na kanisa dogo jeupe lisilo na mnara, la waumini ambao imani yao inawakataza kabisa kushika silaha. Mizinga ilizitoboa kuta zake. Mwandishi akikupeleka hapo huhitaji mahubiri marefu.

Sasa kinachoniuma ni hiki. Riwaya nyingi ninazokutana nazo, mapenzi ni ya binti wa shamba kubwa kusini na ofisa wa kaskazini, tatizo lao kubwa ni rangi ya sare, halafu watumwa wako nyuma huko wanabeba trei na kutoa ushauri wa hekima. Jamani, kulikuwa na watu karibu milioni 4 utumwani na vita ilikuwa juu yao! Na ukitafuta mapenzi yaliyojaribiwa na imani kweli kweli, yako kwao. Ndoa ya watumwa haikutambuliwa na sheria hata kidogo. Bwana shamba akifa au akidaiwa, mume anauzwa huku mke anabaki, na wahubiri walilijua hilo ndio maana wengine walibadilisha kiapo, badala ya kusema mpaka kifo kiwatenganishe wakawa wanasema mpaka kifo au umbali. Hebu jiweke pale mbele, umemshika mwenzio mkono, mtumishi wa Mungu anakutamkia hayo, na wewe unajua kabisa umbali ni nini kwa sababu mama yako alishauzwa.

Halafu vita inakuja. Watu wanatoroka kukimbilia kwenye kambi za jeshi la kaskazini, kama Fort Monroe kule Virginia, na huko wachungaji wa jeshi wanawafungisha ndoa watu ambao wengine wameishi pamoja miaka na miaka na wana watoto wakubwa tayari. Cheti mkononi, kwa mara ya kwanza. Hiyo ni scene ya harusi ambayo ningeisoma mara kumi.

Na baada ya vita kuna matangazo. Gazeti la kanisa la African Methodist Episcopal, kanisa la Wamarekani weusi, Christian Recorder la Philadelphia, lilikuwa linachapa matangazo ya watu wanaotafutana: jina lake, bwana aliyemmiliki, aliuzwa kwa nani, mara ya mwisho alionekana wapi, na mara nyingi wachungaji wanaombwa wayasome mbele ya waumini. Yaani mtu yuko ibadani, mchungaji anasoma majina, na yeye anasikiliza kama lake litatajwa. Wengine walipatana, wengi hawakupatana.

Mimi ndiyo riwaya ninayoitaka hiyo, na naitaka na ile sehemu ngumu yake pia, kwa sababu wapo waliokaa miaka bila habari, wakaamini mwenzao amekufa au hatarudi tena, wakaoa, wakaolewa, wakazaa. Kisha mume wa kwanza anatokea mlangoni. Mke huyu anampenda Mungu, anataka kufanya lililo sawa, ana waume wawili na hajamsaliti yeyote, aliyeivunja ndoa yake ni mtu aliyemuuza mumewe. Makanisa na maofisa wa ile idara ya serikali iliyoanzishwa 1865 kusaidia walioachwa huru walikumbana na kesi kama hizo kweli, hazikuwa za kubuni. Nataka nimwone akiomba na nimwone akikasirika kwenye maombi hayo hayo, nimsikie huyo mume wa pili naye maana ana haki ya kusikilizwa, na watoto je? Mwandishi akae hapo kwa sura hata tano. Ila asiniletee homa ya ghafla ikamuua mmoja wa wale wanaume ili mama wa watu asilazimike kuchagua.