Nikuachie cha Akiba?

Wiki hii kifungua mimba wetu amepokea barua ya kujiunga na Chuo Kikuu cha Egerton na mkuu wa shule yetu amehamishwa, lakini kinachonikosesha usingizi ni swali la fundi cherehani.

Jumanne, baada ya kipindi cha mwisho, nilipitia kwake Bondeni, hapa Nakuru, ili nipimwe suti ya ruracio (sherehe ya mahari ya Wakikuyu) ya shemeji. Ni mzee yule yule aliyenishonea suti ya harusi, kiuno inchi 36. Alinizungushia utepe, akausoma, akaulegeza, akauzungusha tena kana kwamba mara ya kwanza ulikuwa umenisingizia. Kisha akaandika 41 kwa chaki pembeni mwa meza na kuuliza bila kuinua macho:

"Mwalimu, nikuachie cha akiba ndani ya mshono?"

"Acha, Mzee."

"Inchi moja ama mbili?"

"Mbili."

Basi, ni hayo tu. Katika matatu ya kurudi Section 58 nilitunga majibu mengine sita, yote bora kuliko lile nililolitoa, na lililonipendeza zaidi lilikuwa "Usiache hata uzi, Mzee." Nilipomsimulia mama watoto alicheka hadi akaweka sufuria chini, akasema nishukuru kwamba hakuuliza kuhusu tatu.

Inchi 41 ni sentimita 104. Mimi hufundisha Biolojia. Kila mwaka huwachorea wanafunzi mshipa wa damu uliozibwa na mafuta, na ninafahamu fika kwamba Shirika la Afya Duniani linaihesabu sentimita 102 kuwa kiwango ambacho mwanamume akikivuka, hatari ya maradhi ya moyo na kisukari huongezeka sana. Huyachora hayo huku nimeegemea meza kwa sababu nimepanda ngazi.

Mnaokumbuka andiko la Januari mtajua kwamba niliapa kupunguza kilo 15 kabla ya Pasaka. Kabla ya hapo kulikuwa na kiapo cha Oktoba 2019, siku Eliud Kipchoge alipokimbia kilomita 42.195 kule Vienna kwa saa 1:59:40, nasi walimu tukapiga kelele kama watoto. Wiki iliyofuata nilinunua raba, nikaamka saa kumi na moja alfajiri peke yangu, nikaukabili mteremko wa Menengai juu ya Milimani kwa kasi ya mtu anayefukuzwa. Nakuru iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na kifua changu kilinikumbusha hilo kabla sijafika penye mikaratusi. Siku ya tatu magoti yalikataa. Raba zile sasa ni za kijana wetu, huzivaa akienda kuwalisha kuku.

Alhamisi usiku, nikiyarudia mazungumzo yale kwa mara ya mia, ndipo nilipoacha kumkasirikia fundi. Yeye aliuliza tu. Angeweza kujibiwa hapana, akaendelea na kazi yake. Lile "mbili" lilitoka kinywani mwangu upesi, bila hata kusita, kama mtu anayetaja tarehe yake ya kuzaliwa, na lilitoka kwa mtu yule yule aliyekuwa ameapa kilo 15. Kwa hiyo sikuwahi kukiamini kiapo. Ajabu ni kwamba kulitambua hilo kulinipa nafuu, nikacheka gizani hadi mama watoto akaniuliza kama ninaumwa.

Nimewaza sana kuhusu viapo vyangu. Kilo 15 si kitu ambacho mwanamume anaweza kuamka Jumatano akakifanya, kutembea anaweza. Shirika lile lile linamtaka mtu mzima afanye angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na siku mbili za kuimarisha misuli, nami kutoka shuleni hadi nyumbani kwa miguu ni dakika 35. Jioni tano ni dakika 175, na nauli inabaki mfukoni. Misuli nimeipangia jerikani za maji za lita ishirini, ambazo kwetu hazikosi kazi. Halafu hata Kipchoge pale Vienna alikingwa upepo na wenzake waliokuwa wakipokezana, ilhali mimi nilidhani Menengai ni ya mtu mmoja. Ijumaa nilimweleza mwalimu wa Kemia, ambaye tumbo lake na langu ni ndugu. Saa kumi na nusu alikuwa ameshasimama mlangoni na mkoba wake, na mtu akishakusubiri hivyo huwezi kuanza kuzungumzia magoti. Tulitembea tukimsengenya mkuu mpya, ambaye hata hajafika. Sikukumbuka kutazama saa.

Leo, Jumamosi, nikarudi Bondeni.

"Mzee, nimebadili nia. Acha moja."

"Nimeshakata, Mwalimu," akajibu, akanionyesha mshono kwa ndani, umetulia, inchi mbili kamili.

Nilimsimulia mama yangu mzazi hayo yote aliponipigia simu saa nne kuuliza kama suti imekamilika, akacheka sana. Saa tisa alipiga tena, akauliza kama suti imekamilika, na nilipoanza kumsimulia habari za fundi, alicheka upya, mahali pale pale.