Tunakwenda kulala Mwanihana na watoto

Shule zikifungwa mwezi wa sita tunakwenda Udzungwa: baba yao, mjomba wao, mimi na watoto wetu, binti wa miaka 12 na mdogo wake wa miaka 10. Tutapanda kilele cha Mwanihana kwa miguu, tulale msituni, tushuke. Uamuzi ulishapita, na sasa tuko kwenye maandalizi. Yamenifikirisha sana, ndiyo maana naandika usiku huu nyumba ikiwa kimya.

Udzungwa tumeichagua kwa sababu moja kubwa: ndani ya hifadhi hakuna barabara. Ni kilomita za mraba 1,990 za milima na misitu, zilizotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1992, na anayetaka kuziona anatembea. Wanangu wameshaona tembo, tena mara nyingi, kwenye dirisha la basi tukikatiza Mikumi. Wanapiga kelele, wanahesabu, halafu wanarudi kwenye biskuti zao. Mwanihana nataka wakute kinyesi cha tembo katikati ya njia, kingali kibichi, na waone jinsi mtu mzima aliye mbele yao anavyosimama na kusikiliza kabla ya kupiga hatua nyingine. Tembo wa Udzungwa hupanda mlima ndani ya msitu, na njia hii huruhusiwi kuikwea bila askari wa hifadhi mwenye bunduki. Hilo nimewaeleza watoto bila kupunguza wala kuongeza chumvi.

Halafu kuna suala la umri. Mtoto wa miaka sita ungembeba. Wa miaka 15 angekuja akiwa na simu mkononi na moyo kwa rafiki zake. Hawa wangu wako pale katikati: wanaweza kubeba mabegi yao wenyewe, na giza likiingia bado wananishika mkono bila kuona aibu. Mwakani binti atakuwa darasa la saba, na sote tunajua likizo ya darasa la saba huishia kwenye masomo ya ziada. Kwa hiyo ni mwaka huu.

Njia ya Mwanihana ina urefu wa kilomita 38, na kwa kawaida hutembewa kwa siku tatu. Unaanzia chini, upande wa Mang'ula, penye joto la bonde la Kilombero, unapanda hadi kilele chenye zaidi ya mita 2,100. Kuna rafiki aliyeniuliza kwa nini tusiende Kilimanjaro moja kwa moja, maana mtoto akishatimiza miaka 10 anaruhusiwa kufika kileleni. Ni kweli anaruhusiwa. Ila pale hewa yenyewe inakuwa adui, na mtoto mdogo hajui kueleza kichwa kinavyomuuma, wala mzazi hana uhakika kama kichefuchefu ni cha mlima au cha wasiwasi. Mwanihana haifikii urefu huo wa kutisha. Shida zake nazijua na naweza kuzipanga: mteremko, unyevu, siafu, uchovu.

Mwezi uliopita tulipanda treni ya SGR hadi Morogoro, tukakwea Uluguru mpaka Morningside, makusudi kabisa kuwatazama watoto wanavyotembea. Nashauri kila mzazi afanye hivyo kabla ya kulipia chochote. Mdogo aligoma kwenye mteremko wa kwanza, akakaa juu ya jiwe, akasema miguu imekufa. Baba yao akampa konzi ya karanga na kipande cha kashata, kisha akamwambia aongoze msafara. Ile miguu iliyokufa ilitupita wote. Huyu akikaa nyuma anaona migongo yetu tu na anachoka. Akiwa mbele anaona njia, anaona vinyonga, anatoa amri. Dada yake ni kinyume chake. Alitembea kimya kutwa, hakulalamika hata kidogo, na jioni alipovua raba nikakuta lengelenge kubwa kama shilingi limeshapasuka kisiginoni. Nilimuuliza, "Mama, mbona hukusema?" Akajibu, "Sikutaka tusimame kwa ajili yangu."

Jibu hilo sijaacha kulifikiria. Mtoto anayelia unamsikia. Huyu anayevumilia ndiye anayenipa hofu mlimani, kwa sababu atavumilia mpaka pasipovumilika, na kule hakuna gari la kumfuata; mgonjwa anashushwa na miguu ya watu wengine. Tumeweka utaratibu: kila tukipumzika, wote tunavua viatu, wakubwa kwa wadogo, tunakaguana miguu. Nikimkagua yeye peke yake ataona anadhaniwa dhaifu. Tukifanya wote inakuwa kazi ya msafara, na ameikubali. Amejiteua mwenyewe kuwa mganga wa miguu, anatunza plasta na bandeji kwenye mfuko wa mbele wa begi lake.

Hapo ndipo nilipoelewa maandalizi haya yanataka nini kwangu. Nilikuwa nikiorodhesha vitu na kuwahesabu watoto kama sehemu ya mizigo: hema mbili, sufuria mbili, watoto wawili. Tangu binti achukue plasta zake nimeanza kuwagawia maamuzi, maamuzi ya kweli yenye uzito.

Uzito wenyewe, kwa mfano. Kanuni inayotumiwa sana ni kwamba begi la mtoto lisizidi asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa mwili wake. Mdogo ana kilo 29, kwa hiyo nimemwekea kilo tatu. Chupa ya maji ya lita moja peke yake ni kilo nzima. Nilimpa mizani ya kuning'iniza na kumwachia apange. Alianza na mpira. Kisha kitabu cha wanyama, tochi, koti la mvua, shuka, soksi, na filimbi. Akapima, akatoa mpira. Akapima tena, akafikiri sana, akakata kurasa za nyani kwenye kitabu kile na kukiacha kitabu. Nilitaka kumgombeza kwa kuharibu kitabu, nikanyamaza. Alikuwa anafanya nilichomwomba afanye.

Mtoto huyu ana habari zake. Ameshika kwamba mwaka 2008 wanasayansi walitangaza aina mpya ya sengi kutoka Udzungwa, mnyama mwenye pua ndefu na uso wa kijivu, uzito wake gramu kama 700, mkubwa kuliko sengi wengine wote. Anamtaka huyo. Ilibidi nimwonyeshe kwenye ramani kwamba anaishi misitu ya Ndundulu na Luhombero, na sisi tunakwenda Mwanihana, upande mwingine wa milima. Alihuzunika siku nzima. Jioni akaja na mpango mbadala: mangabei wa Sanje, aina ya kima ambaye wanasayansi hawakumjua mpaka 1979, ingawa wenyeji waliishi naye miaka yote, na ambaye dunia nzima hayupo isipokuwa kwenye milima hii. Huyo njia yetu inapita kwake. Sijamwahidi kwamba atamwona. Nimemwahidi kwamba askari akisimama kusikiliza, nasi tutasimama.

Chakula kimepangwa na binti kwa msaada wa bibi yake kwenye simu. Maharage yametolewa kwa sababu ya muda wa kuiva. Tutabeba mchele, tambi, dagaa waliokaangwa wakakauka vizuri, karanga, tende, ubuyu, unga wa uji na maziwa ya unga. Tutapikia jiko dogo la kopo la gesi. Mtungi wa kilo sita tulionao jikoni, ukijumlisha na chuma chake, hakuna atakayeupandisha. Kuni sitaki kabisa. Kina mama wa vijiji vinavyopakana na hifadhi walikuwa na siku yao ya kuingia kuokota kuni kavu, na mwaka 2011 ruhusa hiyo ikafutwa. Sioni sura ya kupita mbele ya nyumba zao na begi zuri mgongoni, niende kuwasha moto ndani ya msitu walioambiwa wasiuguse. Hili nimewaeleza watoto pia. Binti ameuliza kina mama wale wanapikia nini sasa. Tutauliza tukifika.

Maji yapo kwenye vijito. Yatachemshwa au kutiwa vidonge vya klorini, na vidonge vinataka nusu saa kabla ya kunywa. Kwa mtoto mwenye kiu nusu saa ni ndefu mno, kwa hiyo chupa moja itakuwa inangoja wakati nyingine inanyweka.

Sasa niseme jambo ambalo akina baba huliruka wakiandika habari za safari. Binti yangu ana miaka 12 na hajaanza kuona siku zake. Inaweza kuwa mwakani, inaweza kuwa kwenye mteremko wa Mwanihana mbele ya baba yake, mjomba wake na askari asiyemfahamu. Nilimwita chumbani, tukafunga mlango, tukaongea. Ndani ya begi langu kuna mfuko wenye taulo za kike, nguo za ndani za akiba, sabuni, na mifuko ya kufunga uchafu, kwa sababu hatuachi kitu msituni. Mfuko mwingine mdogo kama huo uko kwenye begi lake, ili asilazimike kuja kuniomba mbele za watu. Tumekubaliana neno moja akilisema, wanaume wote watatangulia mbele kidogo na mimi nitabaki naye. Neno lenyewe ni siri yetu. Alicheka sana tulipolichagua, na nikashukuru kwamba safari imetupa sababu ya kuyaongea haya mapema, kwa utulivu, kabla ya haja.

Habari ya choo tumeifanyia mazoezi nyuma ya nyumba kwa sepeto ndogo: shimo la kina cha kiganja, mbali na maji hatua 70 au zaidi, ukimaliza unafukia. Wamecheka mpaka wamelia, lakini wanajua.

Kupotea ndiko kunakoninyima usingizi. Msitu ule ni mzito, na upande wa chini kuna upupu wa kumfanya mtoto aruke nje ya njia bila kufikiri. Kila mmoja atavaa filimbi shingoni, hata akilala. Ukijikuta peke yako, simama hapo hapo, shika mti mmoja uufanye wako, piga filimbi mara tatu, ngoja, piga tena. Usitutafute, sisi ndio tutakaokutafuta. Tumekwenda kulijaribu Pugu-Kazimzumbwi, Kisarawe, mimi na baba yao tukijificha nyuma ya miti hatua chache tu. Mdogo alisimama kwenye mti wake akipiga filimbi, machozi yakimtoka, na hakusogea. Nilitoka mbio nikamkumbatia. Sitarudia zoezi lile, na nafurahi kwamba tulilifanya.

Kuhusu kilele tuna makubaliano, yameandikwa na kila mtu ameweka sahihi: saa sita mchana ya siku ya kilele, popote tulipo, tunageuka. Chini ya miti mikubwa giza huwahi, na sitaki kushuka na tochi nikiwa na watoto waliochoka. Binti alibishana. Anataka kilele, anakitaka kweli, na alileta hoja nzuri kwamba tukiamka saa kumi alfajiri tutapata muda zaidi. Tumekubali saa kumi na moja. Mdogo naye ameshinda lake: maporomoko ya Sanje, yanayodondoka kama mita 170, tulikuwa tumeyaweka siku ya kwanza ili kunyoosha miguu. Akasema kuoga kwenye bwawa lile kuwe mwisho, baada ya mlima, ili wakati wa kupanda wawe na kitu cha kukingoja. Baba yao na mimi tulitazamana. Ratiba imebadilishwa.

Bibi yao bado hajaridhika. "Mwanangu, watoto wana kitanda, mnakwenda kuwalaza chini porini mna shida gani?" Sikumjibu kwa haraka, kwa sababu yeye alikua akitembea milimani Lushoto na kuni kichwani, na hapo hakukuwa na utalii. Nimemweleza habari ya askari, vyandarua, dawa, na hospitali ya Ifakara. Jana alipiga simu mwenyewe kuuliza kama tumeweka tangawizi. Nimeandika tangawizi.

Wiki hii nampigia simu mtu wa ofisi ya hifadhi kuthibitisha tarehe na kuulizia mpagazi wa kutoka vijiji vya Mang'ula, mmoja au wawili, ili mjomba asibebe hema zote peke yake. Mjomba ana wiki ya kutafuta kigodoro cha kukunja chepesi kuliko kile cha sponji. Kilichobaki ni raba za mdogo. Mguu wake unakua kila nikigeuka. Nikinunua sasa zitambana Juni, nikichelewa hazitapata muda wa kulainika. Nimeamua katikati ya Mei, namba moja zaidi, na awe anazivaa kwenda dukani kila jioni.