Nilivyopima kiu ya viazi vitamu kwa kamera ya joto

Shamba letu liko Kayenze, Ilemela, kwenye udongo wa kichanga karibu kabisa na ziwa. Kiangazi hiki nilitaka kujua ni aina gani ya viazi vitamu inayostahimili ukame, maana nauza marando ya kupanda na wateja wanauliza. Kwa macho, matuta yote yalikuwa ya kijani. Nikaazima kamera ya joto, ile ndogo inayochomekwa kwenye simu.

Jani lenye maji ya kutosha hutoa mvuke kupitia stomata, vitundu vyake vidogo, na mvuke huo hulipoza. Maji yakipungua vitundu hujifunga, jani linapata joto, na kamera inaliona kabla halijanyauka.

Kinachosumbua ni upepo. Ardhi ikishapata moto, ziwa linaanza kupuliza na majani yote yanapoa, hata yenye kiu. Ukisoma nyuzi joto peke yake utajidanganya. Kwa hiyo katika kila picha naweka majani mawili ya kulinganishia. Moja nalinyunyizia maji yenye tone la sabuni ili yasambae, nalo linakauka upesi, kwa hiyo nanyunyiza na kupiga hapohapo. La pili nalipaka mafuta ya mgando juu na chini, vitundu vyote vizibe. (Mama jirani alinikuta nikipaka: "Mwanangu, siku hizi matembele nayo yanapakwa mafuta?")

Tuseme lililoloa lina nyuzi 27, la mafuta 35, na ninalopima 31. Kutoka 27 hadi 31 ni 4. Kutoka 27 hadi 35 ni 8. Nne kwa nane, 0.5. Likikaribia 0 jani linapumua vizuri; likikaribia 1 limefunga. Upepo ukija unayapoza yote kwa pamoja, hesabu haiyumbi sana.

Napiga kati ya saa tano na saa nane mchana, wingu likipita nasubiri. Mchanga wa hapa saa hizo unachoma, kwa hiyo nasoma katikati ya jani tu, si wastani wa picha nzima.

Aina moja ilikuwa karibu na 1 wakati jirani yake ikiwa chini ya nusu. Sijaing'oa. Huenda inafunga mapema ili kubana maji, na mmea wa namna hiyo unaweza kuzaa vizuri tu. Nitapima viazi vyake kwa mzani tukivuna. Kwa sasa marando yake siuzi.